Enzi Yote, Akili Ileile

Katika filamu ya Bruce Almighty ya mwaka 2003, Bruce Nolan, ripota wa televisheni mjini Buffalo, anapayuka kwamba Mungu hajui kazi. Mungu, anayeigizwa na Morgan Freeman, hamjibu kwa radi wala gharika. Anamkabidhi ofisi.

Haya, mja kapewa enzi yote. Ataanza na nini? Njaa? Vita? Thubutu! Anaipasua supu ya nyanya kama Bahari ya Shamu, anajipatia gari la kifahari, anamfundisha mbwa kutumia choo. Mapenzi yalipomzidi, anauvuta mwezi karibu na dirisha ili mpenzi wake Grace aone raha. Huko Japani bahari inafurika. Wajapani watamwelewa tu. Kijana alikuwa anapendezesha jioni.

Sala zinammiminikia kwenye kompyuta. Kuzisoma ni kazi, na Bruce hakuja kufanya kazi, kwa hiyo anazijibu zote "ndiyo". Bahati nasibu ikawa na washindi tele, kila mmoja na visenti vyake, na mji ukaingia ghasia. Wapo waheshimiwa wanaoendesha ofisi kwa mtindo huohuo, ila wao hungoja msimu wa kura.

Jambo moja tu lilimshinda: hakuruhusiwa kugusa hiari ya mtu. Grace alipomfumania na mtangazaji mwenzake, akaondoka. Bwana mkubwa akamfuata kazini, akirusha mikono hewani na kuamuru apendwe. Mbwa alikuwa msikivu zaidi.