Gesi Isiyochoka

Bomba la Atlantic Coast, lililotangazwa mwaka 2014 ili kusafirisha gesi asilia kwa takriban kilomita 965 kutoka West Virginia hadi North Carolina, lilihitaji kituo cha kushindilia, yaani mitambo inayoiongezea gesi mgandamizo ili isichoke safarini, na katika Virginia nzima wapangaji walipapenda Union Hill, kitongoji kilichoasisiwa na watu weusi waliotoka utumwani. (Ramani, pengine, zilikuwa za zamani.) Wakazi, badala ya kushukuru kwa heshima hiyo, walipinga pamoja na watetezi wa nishati jadidifu, ile ya jua na upepo isiyokwisha kwa kutumiwa, Januari 2020 mahakama ikatengua kibali cha kituo, na Julai mradi, ambao gharama yake ilikuwa imevimba hadi dola bilioni 8 pasipo kuuza hata pumzi moja ya gesi, ukazikwa na wenyewe. Kampuni ya Dominion, mbia mkuu, ambayo sheria ya Aprili mwaka huohuo iliitaka izalishe umeme usio na kaboni ifikapo 2045, imeelekea kujenga mitambo ya upepo baharini, na upepo, kwa bahati yake, haushindiliwi kitongojini mwa mtu.