Ainisho la Awali la Watunza Ukoo Mkoani Singida

Wanaisimu waliyagawa majina yetu katika ngeli bila kuomba kibali kwa mtu. Kwa haki hiyohiyo, makala haya yanawagawa wote wanaoulizwa habari za ukoo, kuanzia Iramba hadi Manyoni, kwa faida ya mtafiti chipukizi aliyerudi likizo na daftari jipya, simu yenye chaji, na imani kwamba mababu zake wanamsubiri wakiwa wamepanga foleni.

Ngeli ya kwanza ni Mzee wa Chimbuko. Kila unayemuuliza atakuelekeza kwake, naye atakula nusu ya siku. Kwa Wanyisanzu wa Mkalama, atakupeleka moja kwa moja Ukerewe, kisiwani, walikotoka wa kale. Safari yao ataisimulia kituo kwa kituo, kisha atavuta pumzi na kutua kwa baba yake mzazi. Katikati hamna kitu. Jan Vansina, Mbelgiji aliyetafiti masimulizi ya Wakuba kule Kongo, aliliita hili pengo linaloelea: jamii hukumbuka sana mwanzo na hukumbuka sana juzi, na kadiri vizazi vinavyopita, pengo nalo husogea mbele. Basi usimkatize mzee. Andika, shukuru, ila jina la babu wa babu yako katafute kwingine.

Ngeli ya pili ni Karatasi: cheti cha ubatizo, stakabadhi ya kodi ya kichwa, kadi ya TANU, kipande cha manamba aliyekwenda Tanga kukata mkonge. Karatasi haisinzii wala haiombi soda, ndiyo maana wasomi wanaipenda. Lakini hudanganya bila kupepesa macho. Mtu aliyepewa jina la nyumbani, akabatizwa Yohana na Walutheri, kisha mkongeni akaitwa kwa namba, atakufanya urudi mjini na babu watatu. Na ukikuta mzee aliyezaliwa Januari 1 au Julai 1, mkumbuke karani aliyetaka kufunga ofisi mapema. Kalenda ya kweli ni njaa na misukosuko. Kwa Wagogo, wakiwamo wa Manyoni, ipo Mtunya, njaa kuu ya kati ya 1917 na 1920. Kisha uliza nzige wa miaka ya 1930, halafu uliza mama alikuwa na ujauzito wa mtoto yupi watu walipohamishiwa vijijini.

Kuna mkasa mwingine wa karatasi. Jina letu la mwisho huwa ni la babu, kwa hiyo hubadilika kila kizazi. Programu za kompyuta za kuchora ukoo, zilizobuniwa na watu wanaorithishana jina moja tangu enzi za wafalme wao, zitakuonya kwamba wewe na baba yako hamhusiani. Puuza onyo hilo.

Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam zina mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza, lakini ni mafaili ya serikali. Babu yako atatokea humo kama alikuwa mtemi, au kama alishtakiwa. Heri mwenye babu mkorofi.

Makaburi ni ngeli fupi. Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, ilihamisha watu na kuwaacha marehemu kwenye mahame. Tafuta mtu anayechunga huko. Anajua kaburi lipi liko chini ya mti upi.

Ngeli ya nne ni Mjomba, na hapa wachora ukoo wengi huumbuka. Wanyaturu huhesabu ukoo kwa baba. Jirani zao Wanyiramba na Wanyisanzu, kwa desturi ya zamani, waliuhesabu kwa mama. Kijana wa Kiomboi, kwa Wanyiramba, anayepanda upande wa baba peke yake anachora kwa ustadi mkubwa ukoo wa watu wengine.

Sasa ngeli ya tano, ambayo kwa maoni yangu inazishinda zote: Mdai. Huyu hajioni mtunza historia, wala hakuna anayemwelekezea mgeni kwake. Anakumbuka tu kwamba mwaka ule dada yake bibi yako alipoolewa, ng'ombe mmoja kati ya walioahidiwa hakufika. Mmarekani Harold Schneider, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu Wanyaturu, aliwatazama ng'ombe kama mtaji. Mimi nawatazama kama masjala. Mahari ya binti ilisaidia kumwoza kaka yake. Katika kuipokea walikuwapo wajomba na baba wadogo. Waliopungukiwa waliazima kwa shemeji. Kila kwato ilipokanyaga, kuna ndugu.

Hivyo ukimuuliza mzee, "Babu alizaa na nani?" atasema amesahau, na pengine ana sababu zake za kusahau. Muulize, "Wale ng'ombe wa shangazi walikwenda kwa nani?" Ghafla macho yanafunguka, mkongojo unachora chini, majina yanamiminika pamoja na rangi za ng'ombe. Pembeni mtu anapinga, naye anaitwa aje kutoa ushahidi. Rekodi wote wawili, kwa sababu watabishania ng'ombe bila kubishania nani alikuwa mtoto wa nani. Tofautisha tu Mdai na Mdaiwa. Mdaiwa ni wa kabila lingine kabisa: mkarimu, mcheshi, na hakumbuki chochote kabla ya Uhuru.

Mbinu hii ina gharama yake. Mtafiti huingia uani asubuhi akiwa mjukuu tu, mwenye daftari. Jua likizama ana vizazi vitano vilivyounganishwa vizuri, matawi ya Ikungi ambayo mama yake hakuwahi kuyataja, na kikao cha Jumamosi ambapo, kama mrithi aliyethibitishwa kwa mkono wake mwenyewe, atatakiwa kueleza huyo ng'ombe atalipwa lini.