Anko, Unapigiwa

Ukitaka ndege nyuki ya kupigia picha, uza ng'ombe kwanza, kisha anza kuhangaikia usajili na vibali. Kishada kinataka upepo tu, na huku Mwamanyili, wilayani Busega, upepo wa Ghuba ya Speke hufika alasiri bila kuombwa. Nikachukua kitambaa cha mwavuli uliovunjika mbavu, nikakikaza kwa fito za mwanzi, nikanunua uzi wa nyavu kwa wavuvi na kufunga mkia wa vipande vya kitenge. Kamera ilikuwa simu ya mtumba yenye kioo kilichopasuka, nikaiwekea programu inayojipigia picha kila baada ya sekunde chache.

Waliotutangulia walihangaika zaidi. Mfaransa Arthur Batut, mwaka 1888, aliwasha utambi unaoungua polepole ili ukifika mwisho ufyatue kamera. Mwaka 1906 Mmarekani George Lawrence alirusha kwa msururu wa vishada kamera ya zaidi ya kilo 20, aipige picha San Francisco iliyobomolewa na tetemeko. Mimi narusha simu, na bado tumbo lilikuwa linanikata. Kwa hiyo nikatanguliza kipande cha sabuni ya mche, kilichokatwa dukani mpaka mizani ikakubali kwamba uzito ni ule ule.

Sabuni ilipanda vizuri. Kushuka ikajishukia: ilichomoka kwenye fundo, ikatua kisimani, kando ya beseni la mama mmoja aliyekuwa akifua. Nilifika nahema. "Mwadila, mayu." Akaitikia vizuri kabisa, huku anaisugua ile sabuni kwenye kola ya shati la mumewe. Ningeanzia wapi kuidai?

Hapa nisikilizeni: kamera haifungwi kwenye kishada chenyewe, maana kishada hupepesuka kama mlevi. Ifunge kwenye uzi, mita 20 hivi chini yake, ining'inie kwenye msalaba wa vijiti viwili unaobebwa na kamba kutoka ncha zote nne. Huo ni ubunifu wa Mfaransa mwingine, Picavet. Uzi ukiyumba, msalaba unarudi kukaa sawa.

Wangu ulikaa sawa. Waliogoma ni kuku. Kivuli cha mwavuli kilipopita uani, kila mwenye vifaranga alipiga ukelele wa mwewe na kutimkia chini ya ghala. Watoto wakaja mbio kushangilia; wenye kuku nao wakaja mbio, ila hawakuja kushangilia. Katikati ya zogo simu ikaanza kuita huko juu, kumbe laini bado imo. Mtoto mmoja akanivuta shati kwa adabu: "Shikamoo anko, unapigiwa."

Jioni tukazitazama picha. Nyingi zilikuwa anga tupu na kidole changu gumba. Moja ilitoka safi: shamba la pamba la mzee mwenyeji wangu, mstari wa katani za mpakani, na matuta ya jirani yaliyouvuka mstari huo bila hodi. Mzee akaninyang'anya simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akanyamaza, halafu akaenda kugonga kwa jirani.

Jirani hakubishia katani wala matuta. Alisema picha imepinda, kwa kuwa upepo siku hiyo ulivumia upande wa mzee. Anataka ipigwe upya asubuhi na mapema, upepo ukitoka nchi kavu, na uzi aushike yeye.