Merikebu za Sebuleni

Miongoni mwa waungwana wa Uingereza wamo walioghilibiwa na mapenzi ya kuunda merikebu za mti zenye kimo cha kuwekwa juu ya meza, na ipendwayo mno ni Victory, merikebu aliyofia Amirali Nelson katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, ambayo mizinga yake 104, kila mmoja usiofikia urefu wa njiti ya kiberiti, sharti ishikwe kwa kibano na kupakwa rangi nyeusi, ilhali bibi wa nyumba anangoja tangu Pasaka mlango wa kabati utiwe bawaba. Muungwana huyu, ambaye hajapata kupanda hata mashua ya kuvukia mto bila ya kutapika, atakufafanulia henza na demani kwa ufasaha wa nahodha, na ukimsaili, kwa adabu zote, chombo kitashushwa lini majini, atakuhesabu miongoni mwa majahili. Wala tusimdhulumu: Victory yenyewe imo gudini Portsmouth, kavu, tangu mwaka 1922. Basi, msomaji, ukialikwa kwake, sifu milingoti, kunywa chai yako, na kamba usiziguse.