Ombi la Kusimamia Mirathi ya Jalada

Kwa Mheshimiwa Hakimu Mfawidhi,
Mahakama ya Mwanzo (jina nalihifadhi, yenyewe inajijua, na walionikuta kwenye benchi lake wanaijua pia).

YAH: KUFUNGULIWA MIRATHI YA JALADA LA MIRATHI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu, sijalazimishwa na yeyote, na barua hii naiandikia kwenye benchi lako la nje, upande wa kushoto, pale ubao ulipopasuka na kumfinya kila anayekaa akajisahau. Naleta taarifa ya msiba. Jalada la mirathi ya marehemu baba yangu mdogo, lililozaliwa katika masijala yako mwaka juzi, halionekani. Limetafutwa juu ya kabati, chini ya kabati na nyuma ya kabati. Karani wako amenijibu mara tisa kwamba lipo. Sisi watu wa pwani, mvuvi asiporudi, siku tatu za mwanzo nasi husema yupo. Ukipita mwaka na miezi miwili, tunatandika mkeka.

Kwa kuwa jalada limetimiza mwaka na miezi miwili bila kuonekana, naomba mahakama yako tukufu initeue kuwa msimamizi wa mirathi yake.

Nianze mwanzo. Baba mdogo aliacha mjane mmoja, watoto wanne, mikorosho 26, cherehani ya miguu na akaunti ya benki yenye shilingi 1,200,000. Si mali ya kutoana macho. Ukoo ulikaa kikao siku ya arobaini, pilau likiwa bado jikoni, ukanichagua mimi kwa sababu moja: ndiye niliyekuwa na kalamu.

Tukaja kwako, maana sheria imeipa Mahakama ya Mwanzo mirathi za Kiislamu na za kimila. Nilileta cheti cha kifo cha RITA, muhtasari wa kikao wenye sahihi na madole gumba, na barua ya serikali ya kijiji. Nikajaza Fomu Na. 1. Tangazo likabandikwa ubaoni, likapigwa jua mpaka likageuka rangi ya chai ya maziwa. Hakuna aliyepinga. Hata shangazi yangu, ambaye hupinga mwezi ukiandama, safari hii alinyamaza. Mama mdogo alipomaliza eda tukaitwa ndani. Ulimuuliza maswali matatu, ukaniuliza mimi mawili, ukaniteua. Dakika kumi na mbili! Nilitoka na Fomu Na. 4 mkononi nikiwaona wanaoisema mahakama kuwa wana lao jambo.

Benki, binti wa dirishani aliitazama fomu, akatazama kadi ya marehemu, akanitazama mimi kwa huruma. Kadi imeandikwa Ramadhani. Fomu imeandikwa Ramadhan. Akanieleza kwa upole kwamba, kwa mujibu wa mfumo, hao ni watu wawili, na aliyekufa si mwenye fedha.

Nimesoma Kiswahili mpaka kidato cha nne na sikuwahi kufundishwa bei ya irabu. Sasa naijua. Bodaboda mpaka barabarani, kisha daladala, kwenda na kurudi ni 9,000. Tangu siku ile nimekuja kwako mara 23. Hiyo ni 207,000, bado kopi, bado hati ya kiapo ya majina, bado chakula cha mama lishe wa hapo nje ambaye sasa ananikopesha bila kuniuliza narudi lini. Kiasi kinachozidi moja ya sita ya fedha zote zilizoko benki kimeliwa na herufi *i*. Namshukuru Mungu karani hakusahau *dh*.

Nikiri jambo moja kwa haki, kwa kuwa nimeapa mara nyingi mno mahali hapa hata nimezoea kusema kweli: kuhukumu kwenyewe hakukushindi. Jumanne moja nilikuwa ndani ilipopigwa ile sauti ya "Kooorti!" tukasimama wote, ukaingia, ukasikiliza shauri la mbuzi waliovamia muhogo wa jirani. Mwenye mbuzi akasema mbuzi wake hawali muhogo. Ukamuuliza, wanakula nini? Akasema majani. Ukauliza, majani ya nini? Kimya. Mahakama nzima ikacheka, naye mwenyewe akacheka, na kabla ya nusu saa walikuwa wamekubaliana fidia na wanatoka wakisukumana mabega kama mashemeji. Na tunajua una mahakama mbili za kuhudumia na pikipiki moja. Kwa hiyo naomba isieleweke kwamba namlalamikia hakimu. Hakimu wa kuamua kwamba Ramadhan ni Ramadhani yupo, na ataamua kabla sijakaa vizuri. Kinachotakiwa ni jalada la kuandikia uamuzi huo.

Jalada liko masijala. Masijala ni chumba cha hatua nne kwa tatu, kina dirisha moja lililofungwa kwa majalada ya mwaka 1998, na kabati la chuma ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Mezani kuna kompyuta. Imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya waridi pembeni, na juu ya kitambaa pamewekwa daftari la mahudhurio. Katika safari zangu zote sijawahi kuuona uso wa kompyuta hiyo. Naiheshimu kama bibi harusi.

Hata hivyo mtandao wake unasumbua. Nimeambiwa hivyo mara sita.

Karani aliwahi kunifungukia. Alisema kulitafuta jalada ni kazi, na vumbi la masijala linakausha koo. Nikamwelewa. Nikaenda dukani nikamletea chupa ya maji ya lita moja na nusu, ya baridi kabisa, inatoka jasho. Aliitazama chupa ile, akanitazama, akaitazama tena. Akaniuliza kama nimesoma. Nikamwambia mpaka kidato cha nne. Akasema, inaonekana. Tangu siku hiyo jalada limezidi kupotea. Juu ya kichwa chake lipo bango la TAKUKURU, lakini kwa bahati mbaya kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi inalifunika kuanzia katikati, hivyo msomaji anaambiwa tu kwamba rushwa ni.

Nafuatilia taarifa ya habari, Mheshimiwa. Najua Temeke kuna kituo jumuishi kizima kwa ajili ya mirathi na mambo ya familia. Niliona pia makao makuu ya Mahakama yalivyofunguliwa Dodoma mwaka 2025, vioo mpaka juu, nikajisikia fahari kama vile nimechangia tofali. Nasikia mashauri siku hizi yanafunguliwa kwa mtandao na kuna mitambo inayosikiliza mtu akisema na kuandika yenyewe. Haya yote yamo njiani yanakuja kwetu. Nadhani yamekwama palepale linapokwama basi la saa kumi na mbili, yanasubiri mto upungue.

Kwa jambo moja tuliwatangulia wakubwa. Huko juu walisubiri mpaka mwaka 2021 Bunge libadili sheria ndipo Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Sisi wa Mahakama ya Mwanzo tumesumbuliwa kwa Kiswahili miaka yote hiyo. Si haba. Mwenzangu wa mjini alikuwa akiahirishiwa shauri kwa Kiingereza, anarudi nyumbani akidhani ameshinda.

Sasa nieleze kwa nini nimeona tuzike. Safari ya ishirini, karani aliniuliza kwa ukali mbona sijarudisha Fomu Na. 5 ya orodha ya mali na Fomu Na. 6 ya hesabu. Kanuni, akasema, zinampa msimamizi miezi minne tangu kuteuliwa. Nikamwambia mali ya kuorodhesha iko benki, benki wanataka *i*, na *i* iko kwenye jalada. Akasema hayo ni ya kwangu. Nikamuuliza, nikileta hizo fomu zitawekwa wapi? Akasema, kwenye jalada.

Basi nikajua saa ya mahakama yako ina mshale mmoja, nao umeelekezwa kwangu. Ibara ya 107A ya Katiba inaziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, wala zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Nilimnukulia karani. Akauliza hiyo ibara iko jalada namba ngapi.

Mama mdogo alikaa eda miezi minne na siku kumi, akatoka. Jalada hili linamkalia eda nani?

Kwa sababu hizo nimefuata utaratibu wenu hatua kwa hatua, kama mlivyonifundisha, na viambatanisho ni kama ifuatavyo.

Cheti cha kifo sikupata. Afisa niliyemwona alicheka mpaka akamwita mwenzake, naye akaita wa chumba cha pili. Walinikaribisha chai. Walisema jalada haliandikishwi kufa kama halikuandikishwa kuzaliwa.

Barua ya utambulisho nayo imekuwa ngumu. Mtendaji wa kijiji aliuliza marehemu alikuwa mkazi wa wapi. Nikasema masijala. Akasema basi niende kwa mtendaji wa masijala.

Kikao cha ukoo kimefanyika, na muhtasari nimeambatanisha. Kilikaa Jumanne kwenye benchi hili, kikahudhuriwa na ndugu wa karibu wa marehemu, yaani sisi ambao majalada yetu yalilala naye kabati moja. Alikuwepo dada wa shauri la talaka, ambaye mumewe ameshaoa tena na mke huyo mpya naye ameshafungua shauri la talaka. Alikuwepo kijana anayedai baiskeli. Alipofungua shauri ilikuwa baiskeli, sasa anadai kengele tu. Alikuwepo na mzee wa mpaka wa shamba, aliyekwisha kuambiwa zamani kwamba migogoro ya ardhi ina mabaraza yake na Mahakama ya Mwanzo haihusiki; anakuja kwa ajili ya kivuli na mazungumzo, tukamfanya mwenyekiti. Kishoka mmoja wa hapo nje, yule mwenye koti na mkoba usio na kitu, aliomba kuandika muhtasari kwa 10,000. Tukamkatalia. Kalamu ninayo.

Mali za marehemu jalada: karatasi 17, pini mbili zenye kutu, alama ya kitako cha kikombe kwenye ukurasa wa kwanza (niliiona kwa macho yangu siku ya kuapishwa), na picha yangu ya pasipoti moja, niliyopiga nikiwa bado nina nywele. Madeni: *i* moja.

Mrithi ni mmoja, mama mdogo, na hapa naomba mahakama inisikilize bila kucheka. Korosho za kwetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, kupitia chama cha msingi, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya mkulima aliyeandikishwa. Mkulima aliyeandikishwa ni marehemu. Msimu wa kwanza mama mdogo aliuza kwa jina la jirani, na jirani akakata kidogo, ya usumbufu. Msimu wa pili akakata zaidi, maana usumbufu nao umepanda bei. Mkanda wa cherehani umekatika, ameufunga kwa ukamba wa mpira wa baiskeli. Unateleza kila akifika kwenye pindo. Mtoto wa tatu alikwenda kidato cha kwanza na sare iliyopinda upande. Mama mdogo hajawahi kukisema vibaya chombo chako. Kila nikirudi huniuliza swali moja tu: "Baba, wamesemaje leo?" Nami humjibu kama nilivyojibiwa, kwamba lipo.

Naomba basi tangazo la mirathi hii libandikwe ubaoni, pale palipobandikwa lile la kwanza. Pini zake bado zipo. Yeyote mwenye pingamizi ajitokeze. Na kama mwenye pingamizi ni jalada lenyewe, kwa maana ya kwamba halikufa bali lilikuwa limekaliwa, au limeegemezwa mlangoni usipigwe na upepo, linaombwa lifike mbele ya mahakama hii Jumanne ijayo saa tatu asubuhi bila kukosa.

Sisi tutakuwepo. Mzee wa mpaka ameahidi kuleta mkeka.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa mirathi kwa mujibu wa Fomu Na. 4 (isiyo na *i*).

Nakala kwa:
Karani wa Masijala, pamoja na chupa ya maji, ya pili.
Mtendaji wa Kijiji, kwa taarifa.
Jalada, popote lilipo.