Skrini Inayofifia Bila Ruhusa

Skrini ya laptopu ikififia ghafla, mara nyingi haiumwi: inatii amri ambayo mwenyewe hakumbuki kuitoa. Mashine nyingi, chaja ikikosa umeme, hupunguza mwangaza papo hapo ili betri idumu. Na kuna kwingine chaja hukosa umeme mara kwa mara: eneo la West Nile lilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa ya Uganda. Mji wake wa Arua ulitegemea jenereta, kisha, kuanzia 2012, kituo cha umeme wa maji cha Nyagak wilayani Zombo, cha megawati 3.5. Umeme wa kwenda na kurudi si mgeni huko. Mchana, nyumbani Ajia, eneo hilo hilo, taa hazijawashwa, laptopu ndiyo hupata habari za kukatika kwanza. Badala ya kushukuriwa, hupigwa kofi mgongoni, kisha anasakwa mtoto aliyeigusa. Soketi ndiyo ya kutazamwa kabla ya mtoto.

Umeme ukiwapo na skrini bado inafifia, atafutwe mhusika wa pili: sensa ya mwanga, kitundu kidogo kando ya kamera kwenye baadhi ya mashine. Chini ya mwembe, upepo ukitikisa majani, kivuli na jua hupishana juu yake, na skrini huwaka na kufifia kama mtu asiyejua ajibu nini. Kuna pia waliobandika plasta juu ya kamera wasipelelezwe. Wapelelezi wameshindwa, lakini plasta imefunika na sensa, na saa sita mchana mashine inaamini ni usiku wa manane. Plasta ibanduliwe, au mwangaza wa kujirekebisha uzimwe kwenye mipangilio ya skrini.

Baadhi ya mashine hufuata hata kinachoonyeshwa: filamu ikiingia gizani, skrini nayo hufifia, hasa ikiwa kwenye betri. Hilo nalo lina swichi yake humo humo kwenye mipangilio. Hali ya kuokoa betri, ambayo kwenye Windows 10 huanza kwa kawaida chaji ikifika asilimia 20, nayo hupunguza mwangaza, hivyo iangaliwe pia.

Mwangaza ukibadilika kila kifuniko kinaposogezwa, kebo inayopita kwenye bawaba ndiyo ya kushukiwa. Skrini ikiwa nyeusi kabisa, imulikwe kwa tochi ya simu kwa upande. Picha hafifu ikionekana, taa ya nyuma ndiyo haiwaki, na fundi aanzie kwenye kebo kabla ya kuuza skrini mpya.