Droni Nayo Ionyeshe Kitambulisho

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya (KCAA),
Nairobi.

KUH: DRONI KUBANWA ANGALAU KAMA MKIMBIZI

Hongera kwa kanuni za droni za 2020. Droni isajiliwe, anayeirusha awe na leseni, isipite futi 400. Kwenye makaratasi, anga ya Turkana imenyooka kabisa.

Taabu ni kwamba makaratasi hayo yako Nairobi. Huku, droni husimama juu ya laga ya Tarach, mto wa msimu wa Kakuma, akina mama wakichota maji kwenye visima vya mchangani. Ikavuma hapo, ikapiga picha, ikaenda zake. Ya shirika? Ya serikali? Ya kijana wa video za harusi? Mzee mmoja aliinuka kwenye ekicholong, kigoda chake, akairushia fimbo. Akaonywa asiharibu mali ya watu. Akauliza, watu gani? Kimya.

Marekani wameliona hili. Tangu Septemba 2023, droni iliyosajiliwa kule hutakiwa kujitambulisha ikiwa hewani: itangaze namba yake, ilipo, na hata aliposimama anayeirusha, kwa Wi-Fi au Bluetooth. Ulaya wakafuata Januari 2024 kwa droni nyingi. Nasi tunaitaka kanuni hiyo, ila mkumbuke mfugaji wa huku ana simu ya mulika mwizi tu. Tangazo lije kwa sauti, kwa Kiturkana; droni ikifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iongeze Kisomali na Kidinka.

Mkiona ni gharama, azimeni utaratibu wa Kakuma kwenyewe. Tangu 2013 mkimbizi huweka kidole kwenye mashine ndipo apate mgao wake wa chakula. Akitaka kutoka kambini, atafute kibali cha safari, akionyeshe kwenye kizuizi cha polisi. Anayetembea kwa miguu ashajitambulisha mpaka kidole kimechakaa. Anayepaa hajaulizwa hata jina. Basi droni nayo ipange foleni juani, iweke propela kwenye mashine, iambiwe mtandao umepotea, irudi Jumatatu. Ikirudi, iulizwe imekuja na nani.

Na zile picha za akina mama kisimani, kama zimeshauzwa, tuletewe risiti.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Lodwar, chini ya futi 400.